Maswali ya Wasomaji: Kiwanda kikilipia uchafu wake, kibarua atakula wapi?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Nakuru. Mimi ni kibarua katika kiwanda cha ngozi. Nina mke na watoto watatu, na wa kwanza anaingia sekondari Januari. Juzi walikuja maofisa wa mazingira, wakachota maji kwenye mtaro unaotoka kiwandani, wakayatia chupani wakaenda nayo. Meneja akatuita akatuambia kwamba kiwanda kikilazimishwa kujenga mtambo wa kusafisha maji taka, kitafungwa na sisi tutarudi nyumbani. Sasa nakuuliza wewe uliyefundisha uchumi: hawa watu wa mazingira wanataka nchi ikue au wanataka tulale njaa? Wazungu si walijenga viwanda kwanza ndipo wakasafisha?
Kibarua, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, hofu yako ina msingi. Anayekuambia kwamba sheria ya mazingira haijawahi kumtoa mtu kazini anakudanganya, na hapo mbele nitakupa takwimu za kuonyesha hivyo. Ila meneja wako amekupigia nusu ya hesabu. Hebu tuimalize mimi na wewe.

Tuseme, kwa mfano tu, kipande kimoja cha ngozi kinauzwa Sh1,000. Ngozi mbichi, kemikali, umeme na mishahara yenu vinakula Sh900. Mwenye kiwanda anabaki na Sh100, na katika daftari lake hiyo ni faida. Sasa ufuate ule mtaro mpaka unakoishia. Mama anayemwagilia sukuma wiki kwa maji yale anapoteza mboga. Mfugaji analazimika kuchimba kisima. Mtoto anapelekwa zahanati. Tuseme hasara zao zote, kwa kila kipande cha ngozi, ni Sh150. Basi kila mara tajiri anapoingiza mia moja, majirani wanatokwa na mia na hamsini. Nchi imepungukiwa na Sh50 na bado tunasema imekua. Weka sasa mtambo wa kusafisha maji unaogharimu Sh60 kwa kipande. Faida ya tajiri inashuka hadi Sh40, hasara ya majirani inafutika, na hapo ndipo nchi inapata kitu. Ile gharama ilikuwepo tangu siku ya kwanza kiwanda kilipofunguliwa. Walioilipa ni watu ambao hawajawahi kukanyaga ofisi ya meneja.

Pato la taifa lenyewe halitusaidii kuliona hilo. Ngozi ikiuzwa, linaongezeka. Mtoto akinunuliwa dawa, linaongezeka tena. Mboga zilizonyaukia kitaluni kabla hazijafika sokoni haziandikwi popote kama hasara.

Arthur Cecil Pigou, profesa wa Cambridge, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1920. Mfano wake mmoja ulikuwa wa reli: cheche za garimoshi zinaunguza misitu iliyo kandokando, na kampuni ya reli haimlipi mwenye msitu. Sisi wa Nakuru na Kisumu, ambao miji yetu ilizaliwa na reli, hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Dawa inayojulikana kwa jina lake ni serikali kumtoza mwenye treni kiasi kinachokaribia hasara anayosababisha, ili hasara hiyo aione kwenye daftari lake mwenyewe. Kisha aamue: ataweka kizuia cheche, atapunguza safari, au atalipa. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999, ile EMCA, imeitaja kanuni hiyo waziwazi: mchafuzi hulipa.

Na hapo penu kuna jambo linaloongeza uzito. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Mito kama Njoro inaingia, maji yanakuwa mvuke na kupaa, na kilichokuja na maji kinabaki ziwani. Kromu, ile kemikali ya kutengenezea ngozi, haipai. Ziwa hilo ndilo lililokuwa la kwanza nchini kuorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 1990, na kwa miaka mingi flamingo wake wamelisha wahudumu wa hoteli, madereva wa watalii na wauza vinyago. Hao nao ni wafanyakazi, nao wana watoto wanaoingia sekondari.

Mimi nilikulia Bondeni, hapo Nakuru. Jirani yetu alifanya kazi kwenye mapipa ya ngozi, katika kiwanda ambacho sitakitaja. Alikuwa akipita jioni akitupa peremende, na ndivyo nilivyoijua mikono yake. Kwenye vifundo vya vidole alikuwa na vidonda vidogo vya mviringo, vimezama kana kwamba vimetobolewa na msumari, na ukingo wake ulikuwa mgumu. Havikumuuma sana, kwa hiyo hakuvijali. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba hivyo ni vidonda vya chumvi za kromu, na kwamba madaktari wa kazi wanavifahamu tangu zamani. Kemikali inayoshuka mtaroni hupita kwanza mikononi mwenu. Kabla hujamtetea meneja, itazame mikono yako na ya wenzako. Kama kuna aliyeumia, sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2007 inamhusu, na mwajiri anapaswa kuwa amewakatia bima.

Sasa zile takwimu. Marekani ilipitisha sheria kubwa ya hewa safi mwaka 1970. Mchumi Michael Greenstone alilinganisha wilaya zilizobanwa zaidi na sheria hiyo na zile zilizolegezewa, akakuta kwamba kati ya 1972 na 1987 zilizobanwa zilipoteza takriban nafasi za kazi 590,000 zikilinganishwa na nyingine. Sehemu ya kazi hizo huenda ilihamia wilaya nyingine tu, lakini kwa aliyefutwa hiyo si faraja. Mwaka 2013 mchumi mwingine, Reed Walker, alichapisha utafiti uliowafuata wafanyakazi wenyewe baada ya sheria hiyo kukazwa mwaka 1990. Aliona kwamba mfanyakazi wa wastani katika viwanda vilivyobanwa alipoteza, kwa jumla ya miaka iliyofuata, pato linalofikia kama asilimia 20 ya alichokuwa akipata kabla ya kubanwa huko, na mzigo mkubwa uliwaangukia waliolazimika kutafuta kazi kwingine. Faida ya afya kwa taifa zima ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko hasara hiyo.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na nausema kwa moyo wote. Kumwokoa mama wa sukuma wiki kwa kumtupa kibarua barabarani ni kuitoa gharama kwa mnyonge mmoja na kumtwika mwingine. Wewe ukiachishwa kazi bila kuulizwa, nawe umebebeshwa gharama ya uamuzi uliofanywa na wengine, sawasawa na yule mama. Ikiwa faida ya maji safi ni kubwa kiasi hicho, sehemu yake itengwe kwa watakaopoteza kazi: malipo ya kuachishwa, mafunzo, na muda wa kujipanga. Wabunge wetu hutunga upande mmoja wa sheria, huu wa pili wakauacha. Ninaona ni dhuluma.

Lakini bado sijakubali kwamba kiwanda chenu lazima kifungwe. Muulize meneja kama amewahi kupiga hesabu ya kromu anayomwaga. Katika njia ya kawaida, ngozi hunywa kama theluthi mbili tu ya kromu inayotiwa kwenye pipa. Inayobaki inatoka na maji. Mnainunua kwa pesa, kisha mnaimwaga. Ipo njia inayojulikana miaka mingi: maji yale yanatiwa oksaidi ya magnesi, kromu inatuama kama tope la kijani, tope linachujwa, linayeyushwa kwa asidi ya salfa na kurudishwa kwenye pipa kufanya kazi upya. Michael Porter wa Harvard alidai mwaka 1991 kwamba sheria kali iliyotungwa vizuri huwaamsha wenye viwanda waone hasara walizokuwa wamezilalia. Siamini kwamba hutokea kila mara. Mtambo wa maji taka ni pesa, na kuna viwanda ambavyo faida yao yote ilikuwa ni kule kumwaga bure. Ila kwenye pipa la kromu Porter ana hoja.

Kama mna chama cha wafanyakazi, andikeni barua mbili. Kwa meneja, mwombeni awaonyeshe hesabu ya mtambo badala ya kuwatisha kwa maneno. Kwa maofisa wa mazingira, ombeni wampe ratiba yenye tarehe, na ratiba hiyohiyo iwe kwa viwanda vyote vya ngozi vya eneo hilo. Vikibanwa kimojakimoja, anayesafisha atauza ghali na anayemwaga atauza rahisi, na soko litamwadhibu mwema. Vikibanwa pamoja vinaweza hata kujenga mtambo mmoja vikagawana gharama.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa Obunga. Nachukua mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, kutoka viwanda vya samaki, nakaanga na kuuza. Zamani nilinunua ngege (tilapia) ufukweni Dunga, siku hizi bei haishikiki. Maji ya Mto Kisat unayajua mwenyewe, na gugu maji likiingia mitumbwi haitoki. Mume wangu ni mvuvi, mafuta ya injini yanammaliza. Je, hatuwezi kukaa chini na hao wanaochafua, watulipe, mambo yaishe bila kungoja serikali?
Mama wa mgongo wazi, Kisumu

JIBU: Dada yangu, wazo lako lina mchumi mkubwa nyuma yake. Ronald Coase, aliyepewa Nobel mwaka 1991, aliandika mwaka 1960 kuhusu ng'ombe wanaoingia shamba la jirani na kula mazao. Alisema kwamba kama inajulikana haki ni ya nani, na kama kupatana hakugharimu kitu, mfugaji na mkulima watamaliza wenyewe: atakayeona nafuu kujenga ua atajenga, atakayeona nafuu kulipa atalipa. Wengi hufunga kitabu hapo. Coase mwenyewe aliendelea kusema kwamba katika dunia ya kweli kupatana hugharimu, na hugharimu sana.

Nilikuwa Dunga asubuhi moja baada ya upepo kugeuka usiku. Ghuba ilikuwa imefunikwa kijani kitupu, mtu asiyejua angedhani ni malisho. Mtumbwi mmoja ulikuwa unajaribu kuingia. Kijana wa mbele alikuwa akisukuma magugu kwa mti mrefu, yakitengana kidogo na kufunga tena nyuma yao. Kila baada ya muda mwenye injini aliizima, akaiinamisha, akachomoa mizizi iliyojisokota kwenye mapanga yake kwa kisu, akawasha tena. Samaki walikuwa chini ya turubai na jua lilikuwa limeshapanda. Wanawake waliongoja ufukweni na beseni zao walikuwa wakihesabu kwa sauti bei inavyoshuka, maana ngege akilegea mnunuzi anajua.

Nani basi alipaswa kumlipa mvuvi yule? Gugu maji linashiba kwa mbolea. Mbolea inatoka mashamba ya miwa na mahindi yaliyo juu ya mito ya Nyando na Nzoia, inashuka na udongo mvua zikinyesha. Inatoka kwenye maji taka ya mji. Inatoka kwenye vyoo vya mitaa ya Manyatta na Nyalenda vinavyofurika. Inatoka viwandani, hiyo ni kweli. Ziwa Victoria lenyewe ni kama kilomita za mraba 68,800, na Kenya ina takriban asilimia 6 tu, nyingine ni ya Uganda na Tanzania. Ukiwaita wote hao kikao, utakodi uwanja wa michezo na bado hautatosha. Tena wengine kati yao ni maskini kama wewe.

Mapatano hufaulu pale ambapo wahusika wanahesabika. Naivasha wamefanya. Watumiaji wa maji walio chini, wakiwemo wakulima wa maua, walichanga pesa kupitia chama chao, na wakulima wadogo wa juu kule Nyandarua wakawa wanapewa vocha za pembejeo kila mwaka ili wapande nyasi za kuzuia mmomonyoko na waache kulima ukingoni mwa mto. Waliotaka maji safi wanajulikana, wanaoweza kuyasafisha wanajulikana, na yapo mashirika yaliyosimama katikati kusimamia. Kama mchafuzi wako wa Kisat ni mmoja na bomba lake linaonekana, jaribuni njia hiyo kwanza, mkiwa kikundi.

Akikataa, mahakama ipo. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa walifanya hivyo kuhusu sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 walipewa fidia ya Sh1.3 bilioni, rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha. Ushindi mkubwa, lakini angalia miaka iliyopita, na watu waliougua katikati.

Kwa ghuba nzima ya Winam, hiyo yenu ya Kisumu, mimi nataka tozo. Uswidi ilianza mwaka 1992 kutoza mitambo mikubwa ya kuzalisha joto na umeme kwa kila kilo ya oksidi za nitrojeni inayotoa. Pesa hizo hazikumezwa na hazina. Zinarudishwa kwa mitambo hiyohiyo kulingana na nishati iliyozalishwa, kwa hiyo msafi anaondoka na zaidi ya alicholipa na mchafu anaondoka na pungufu. Serikali za kaunti zinazozunguka ghuba zingeweza kuanza na wachache wakubwa: viwanda vya sukari, vya samaki, na kampuni za maji taka zenyewe. Wapimwe wanachomwaga, walipe kwa kilo, na pesa zibaki ghubani kung'oa magugu na kuchimba vyoo. Mkulima mdogo na mwenye choo kinachofurika wasitozwe, wasaidiwe.

Mwambie mume wako pia kwamba wavuvi wana nguvu wanayoisahau. Omena (dagaa) hufungwa kuvuliwa kuanzia Aprili kila mwaka, na vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, ndivyo vinavyolinda. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba watu wanaotumia mali ya pamoja wanaweza kujiwekea sheria na kuzitii. Kikundi kinachoweza kumzuia mwanachama asitupe nyavu kinaweza pia kupeleka chupa za maji ya Kisat maabara kila mwezi na kubandika majibu sokoni.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uchumi, Maseno. Mhadhiri alituchorea mchoro unaopanda kisha unashuka: nchi ikiwa maskini uchafu huongezeka, ikitajirika hupungua. Kwa hiyo si ni sahihi kukua kwanza?

JIBU: Mwanangu, mchoro huo unatokana na kazi ya Gene Grossman na Alan Krueger. Katika makala yao ya 1995 walikuta kwamba kwa aina nyingi za uchafu, hali huanza kuwa nafuu kabla pato la mtu halijafika dola 8,000 kwa mwaka, kwa dola za 1985. Wasomaji wengi walichukua mchoro wakaacha maelezo. Waandishi hao hao walionya kwamba nafuu haiji yenyewe. Watu wakishiba hudai sheria, na sheria ndizo husafisha. Marekani kati ya 1970 na 2020 ilipunguza aina sita kuu za uchafu wa hewa kwa asilimia 78 kwa jumla, huku uchumi ukikua maradufu na zaidi. Hiyo haikuwa zawadi ya utajiri. Ilikuwa ni sheria ile ya 1970 na mageuzi yake, zikisukumwa na raia.

Pili, sisi hatuna sababu ya kupanda kilima chote kwa miguu wakati njia ya mkato imeshachimbwa na wengine. Kenya iliacha petroli yenye risasi kuanzia mwaka 2006, ikiwa maskini kuliko Marekani ya 1970 kwa mbali sana, na matatu hazikusimama hata siku moja.

Tatu, na hili nakuomba ulipeleke darasani: mchoro unahusu uchafu unaoweza kuondoka. Moshi ukikatwa, hewa inasafika. Lakini mbuta (sangara) alipotiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, kisha akajaa miaka ya 1980, alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni ambazo hakuna anayeweza kuzikana. Alileta pia hasara isiyorudi. Inakadiriwa kwamba mamia ya aina za samaki wadogo wa ziwa hilo walitoweka, aina ambazo hazikuwepo popote pengine duniani. Na kwa kuwa mbuta ana mafuta mengi na hakauki vizuri juani kama samaki wetu wa zamani, ilibidi abanikwe, na miti ya kando ya ziwa ikaisha. Hakuna kiwango cha pato la taifa kitakachowarudisha samaki wale. Kwa hiyo mtu akikuambia kukua kwanza, muulize: kitakachopotea kinarudi, au hakirudi? Kinachorudi tunaweza kujadiliana muda wake. Kisichorudi kilindwe leo, hata kama sisi ni maskini.

SWALI: Nina duka Kakamega. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilitutesa. Kwa nini serikali haikuongeza bei tu?

JIBU: Ingewezekana. Ireland iliweka tozo ya senti 15 za yuro kwa mfuko mwaka 2002, na matumizi yakashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Tozo inahitaji risiti na mashine katika kila duka. Sisi tuna vibanda na wachuuzi wa barabarani, nani angekusanya? Marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 ilikuwa rahisi kusimamia, kwa sababu mfuko ukionekana tayari ni kosa. Mimi naiunga mkono. Lakini faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, kwa mama muuza nyanya ni ukatili. Adhabu ilipaswa kupimwa kwa mtengenezaji na mwagizaji.

SWALI: Tumeitwa barazani kuhusu kiwanda cha sukari guru kinachotaka kujengwa karibu na kijito chetu. Tuulize nini?
Wanakijiji, Butere

JIBU: Muulize mwekezaji maji ya kuoshea mitambo yatakwenda wapi, kwa maana yana sukari, na sukari ikiingia kijitoni vijidudu huila na kumaliza hewa iliyo majini, samaki wakafa. Muulize atachoma nini. Makapi ya miwa yakiwa makavu yanatosha, yakiwa mabichi ataanza kununua kuni, na miti itakayokatwa ni ya hapo kwenu. Mwambieni awaonyeshe ripoti ya tathmini ya mazingira, na msomewe kwa lugha mnayoielewa. Muulizeni pia ataajiri wangapi wa hapo na kwa mkataba gani, kwa kuwa ajira ni sehemu ya hesabu na msione haya kuitaka. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za baraza, nakala ibaki kwa mzee wa kijiji.

Leseni ikitolewa na hamkuridhika, mna siku 60 za kukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira. Andikeni tarehe ya leseni siku hiyohiyo mnapopata habari, kwa sababu wengi hufika wiki ya kumi wakiwa na hoja nzuri na mlango umeshafungwa.